Florini ya Dakika Mia na Kumi

Mwezi wa Agosti mwaka 1976 ndege ndogo iliruka kutoka Long Island, katika jimbo la New York, ikielekea mji wa Philadelphia, na shehena yake, iliyozungushiwa risasi nzito pande zote, ilikuwa ni sukari kidogo mno iliyotiwa alama ya florini-18, ambayo Tatsuo Ido, Joanna Fowler na Alfred Wolf walikuwa wametoka kuitengeneza katika maabara ya Brookhaven. Huko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Abass Alavi na wenzake, miongoni mwao Martin Reivich na David Kuhl, walikuwa wakiingoja pamoja na mtu aliyejitolea kupimwa, maana shehena ile haikuwa bidhaa ya kutiwa ghalani ikakaa hadi kesho: katika kila dakika 110 nusu yake hutoweka, iwe angani au ardhini, imefungwa au imefunguliwa, wala hakuna baridi wala moto uwezao kuizuia. Ndivyo binadamu aliye hai alivyopigwa kwa mara ya kwanza picha iliyoonyesha, kwa florini hiyo, jinsi ubongo wake unavyotumia sukari.

Watu wakizungumza habari za kipimo cha namna hii, kiitwacho PET, aghalabu hutaja mtambo wa picha, ile pete kubwa ambayo mgonjwa huingizwa ndani yake akiwa amelala, na hutaja bei yake, na hudhani kwamba taifa likiisha kuununua limekwisha kuipata elimu hiyo. Mimi, ambaye fizikia ya tiba ndiyo kazi yangu, naona mambo kwa utaratibu mwingine. Pete ile yanunuliwa kwa fedha, ilhali kitu kinachopigwa picha ndani yake hakinunuliwi kikawekwa. Sharti kizaliwe siku ile ile, karibu na mgonjwa, mikononi mwa watu waliofundishwa wakafundishika, na kila hatua baina ya kuzaliwa kwake na kuingia katika mshipa ipimwe kwa dakika. Anayeanza na pete akaahirisha hayo mengine ameanza na mwisho wa kazi.

Kiini cha atomi kilichozidiwa na protoni hakitulii. Florini ya kawaida, ile iliyomo katika dawa za meno, ina protoni 9 na nyutroni 10, nayo hudumu daima. Florini-18 ina protoni 9 na nyutroni 9 tu, na upungufu huo wa nyutroni moja ndio unaoifupishia umri, kwa sababu protoni mojawapo hulazimika kugeuka nyutroni, na katika kugeuka kwake hutupa nje positroni, chembe iliyo sawa na elektroni kwa uzito na kinyume chake kwa chaji. Paul Dirac aliibashiri kwa hesabu mwaka 1931 na Carl Anderson akaiona mwaka 1932 katika mionzi itokayo angani. Kisha, mwaka 1934, Irène Curie na Frédéric Joliot wakathibitisha huko Paris kwamba mwanadamu aweza kutengeneza kwa makusudi atomi zitoazo chembe hiyo, walipoipiga boroni na alumini kwa chembe za alfa wakapata nitrojeni na fosforasi ambazo hazimo katika maumbile ya kawaida.

Positroni haiendi mbali. Katika nyama ya mwili ile ya florini-18 husafiri, kwa wastani, pungufu ya milimita moja kabla ya kukutana na elektroni, na makutano hayo ndiyo mwisho wa zote mbili: uzito wao wote hugeuka nuru, fotoni mbili zenye nguvu ya kiloelektrovolti 511 kila moja, zikikimbia pande mbili zilizo kinyume, takriban katika mstari mmoja ulionyooka. Hapa ndipo ilipo hikima yote ya kipimo hiki. Fuwele mbili katika pete zikimulika kwa wakati mmoja, au zikipishana kwa nanosekunde chache tu, mtambo hujua kwamba mahali fulani katika mstari unaoziunganisha atomi moja imekufa. Na mistari ya namna hiyo ikikusanywa kwa mamilioni, tarakilishi huweza kurudi nyuma kwa hesabu na kuchora ramani ya dawa ilipo. Kamera za zamani za tiba ya nyuklia zililazimika kuweka mbele ya fuwele bamba la risasi lenye matundu, ili lichague mionzi ya upande mmoja na kuzuia sehemu kubwa ya iliyobaki. Pete ya positroni haina haja ya bamba, kwa kuwa fotoni mbili hushuhudiana zenyewe, na kwa hiyo hupoteza kidogo kuliko kamera zile katika kile ambacho mgonjwa amekubali kukibeba mwilini.

Wazo hilo lilijaribiwa mapema, mnamo mwanzo wa miaka ya 1950, pale William Sweet na Gordon Brownell walipotumia vipokezi viwili vinavyotazamana kutafuta uvimbe wa ubongo katika hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston. Lakini lilingojea katikati ya miaka ya 1970, huko St. Louis, Michel Ter-Pogossian, Michael Phelps na Edward Hoffman walipounda mtambo uliozunguka kichwa na kiwiliwili na kutoa picha ya kukata kwa hesabu iliyo sahihi. Tangu hapo fuwele zimebadilishwa mara kadhaa, na upesi wa mashine umezidi kiasi kwamba mitambo ya leo hupima hata tofauti ya muda baina ya kuwasili kwa fotoni moja na nyingine. Nuru husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Apimaye tofauti ya pikosekunde 300 aweza kusema atomi ilikufa wapi katika mstari ule kwa kukosea sentimita nne na nusu tu.

Yuko atakayeuliza kwa nini tujitaabishe na atomi zenye umri mfupi hivyo, ilhali ziko nyingine zinazodumu siku, miezi hata miaka. Jawabu lina pande mbili. Kwanza, uhai umeumbwa kwa kaboni, nitrojeni na oksijeni, na maumbile hayakutupa isotopu za elementi hizo zitoazo positroni isipokuwa zile zenye haraka: kaboni-11 nusu yake huisha kwa dakika 20 na kitu, nitrojeni-13 kwa dakika 10, na oksijeni-15 kwa dakika mbili. Mkemia akiweka kaboni-11 mahali pa kaboni ya kawaida katika dawa, mwili hauna njia ya kutambua kwamba amebadilisha chochote. Pili, ufupi wenyewe ni rehema kwa mgonjwa, kwa kuwa anayepokea dawa asubuhi, ikifika usiku sehemu kubwa kabisa ya mionzi imekwisha kutoweka, nyingine kwa kufa na nyingine kwa njia ya mkojo. Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis waliugeuza ufupi huo kuwa chombo cha utafiti: walimdunga mtu maji yenye oksijeni-15 wakatazama damu ikikimbilia sehemu gani ya ubongo asomapo neno, wakangoja dakika kama kumi mpaka karibu yote ikaisha, wakamdunga tena na kumpa kazi nyingine, na tena, katika kikao kimoja. Kwa isotopu yenye umri wa siku majaribio ya namna ile yasingewezekana hata kidogo, maana jana ingeichafua leo.

Florini-18 imekaa katikati ya pande hizo mbili, nayo ndiyo iliyobeba kazi kubwa ya hospitali ulimwenguni. Ina muda wa kutosha kwa mkemia kufanya kazi yake, kwa gari kuvuka mji na kwa sukari kuingia katika chembe hai, na haina muda wa kumwelemea mgonjwa. Kiasi chake ni kidogo kupita fikira: dozi ya megabekereli 370, ambayo mtu mzima hupewa mahali pengi, ni atomi trilioni tatu na nusu hivi, na uzito wa atomi hizo zote pamoja ni takriban sehemu moja ya bilioni kumi ya gramu. Mwili haudhuriki wala haufaidiki na uchache huo kama dawa, unashuhudiwa tu.

Na huzaliwaje? Huzaliwa katika saiklotroni, mtambo aliouvumbua Ernest Lawrence huko Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambamo chembe zenye chaji huzungushwa baina ya sumaku kubwa na kusukumwa kwa umeme katika kila nusu mzunguko, hata zikapata mbio za kuweza kupenya kiini cha atomi. Kwa miaka mingi mitambo hiyo ilikuwa mali ya wanafizikia. Hammersmith, mjini London, ndiyo iliyoonyesha njia mwaka 1955 ilipofungua saiklotroni iliyowekwa hospitalini kwa ajili ya tiba. Ya leo ya hospitali ni ndogo kuliko zile za kale, hukaa katika chumba cha zege nene, na hurusha protoni zenye nguvu ya megaelektrovolti 11 hadi 18, au zaidi kidogo.

Protoni hizo huelekezwa kwenye kikombe kidogo cha metali, aghalabu niobiamu, chenye mililita mbili au tatu za maji. Si maji ya kisima. Katika maji ya kawaida oksijeni-18 ni sehemu mbili tu katika elfu, na haya yametengwa kwa gharama kubwa hata yakawa karibu yote ni oksijeni-18. Protoni ikiingia katika kiini hicho hutoa nyutroni na kuacha florini-18. Baada ya saa moja au mbili za kupigwa, maji husukumwa kwa gesi katika mrija mwembamba hadi chumba kingine, ndani ya kabati lenye kuta za risasi, ambamo hakuna mkono wa mtu uingiao. Mkemia husimama nje akitazama kioo na tarakimu.

Ndani ya kabati maji hupita katika katriji iliyo ndogo kuliko kidole, nayo hunasa florini na kuyaacha maji yenye thamani yaende zake. Florini huoshwa kutoka katika katriji kwa myeyusho wa kaboneti ya potasiamu pamoja na kriptofiksi, molekuli iliyo kama kizimba, ambayo huikumbatia potasiamu na hivyo kuiacha florini huru na yenye shauku ya kuungana. Hukaushwa kwa joto na gesi mpaka tone la mwisho la maji limetoka, kwa sababu maji yakibaki florini hulegea na mavuno huharibika. Kisha hukutanishwa na aina ya manosi iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, huchemshwa dakika chache, huondolewa vikinga vyake kwa asidi au kwa alkali, husafishwa, huchujwa katika chujio lenye vitundu vya maikromita 0.22, na chupa hutoka. Jumla ya yote hayo ni nusu saa hivi. Njia hii ni zawadi ya Kurt Hamacher na wenzake wa Jülich, Ujerumani, ambao mwaka 1986 walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya florini yaweza kufika salama katika sukari, ilhali njia ya Brookhaven ya mwaka 1976, iliyotumia gesi ya florini, ilitoa mavuno haba. Nionavyo mimi, makala ile ya Jülich ilifanya zaidi kuieneza PET duniani kuliko fuwele yoyote mpya, ijapokuwa jina la Hamacher halitajwi nje ya maabara.

Chupa ikiisha kutoka, mfamasia hana uhuru wa kuitoa hivi hivi. Hupima uchachu wake. Huangalia kwamba florini imeungana na sukari na haikubaki peke yake, kwani florini iliyo peke yake hukimbilia mifupa na kudanganya picha. Huhakikisha kriptofiksi haikuvuka kiasi, kwa kuwa ni sumu. Hutafuta mabaki ya viyeyushi. Hulijaribu chujio kama halikupasuka. Hupima sumu za bakteria. Tena huithibitisha nusu-maisha yenyewe, ili ijulikane kwamba iliyomo ni florini-18 na si mgeni. Bali liko jaribio moja ambalo halingojwi kwa namna yoyote: la kuotesha sampuli ili kuona kama ina vijidudu, nalo huchukua siku 14. Dawa hudungwa leo, na ithibati ya usafi wake hupatikana wiki mbili baadaye, wakati hata atomi moja yake haipo tena duniani. Kwa hiyo usalama wa mgonjwa haukai katika cheti kinachobandikwa kwenye chupa. Unakaa katika utaratibu, katika hewa ya chumba, katika mikono iliyooshwa na daftari lililojazwa kwa kweli, siku baada ya siku. Mwenye kutaka kujua kituo kama ni kizuri asiitazame kamera yake; aombe kuona madaftari hayo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika jambo hili. Hukaa bila kula kwa saa nne hadi sita, kwa sababu sukari ya chakula na homoni ya insulini huipeleka dawa katika misuli. Hupimwa sukari ya damu. Hudungwa, kisha hulazwa mahali pa joto la wastani kwa saa nzima, akiombwa asitembee, asitafune, hata asizungumze sana. Hilo la kutozungumza huwashangaza jamaa zake, lakini misuli ya koo ikifanya kazi hula sukari, na daktari asomaye picha ataona mwako shingoni usio na maana. Otto Warburg alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba vivimbe vya saratani hula sukari kupita kiasi. Juu ya ulafi huo ndipo kipimo kimejengwa. FDG, yaani ile sukari yenye florini-18, huingia katika chembe hai kwa mlango wa glukosi, hutiwa fosfeti kama glukosi, kisha hukwama, haiwezi kuendelea mbele, na hapo ndipo ing'aapo.

Lakini si kila king'aacho ni saratani, na jambo hili kwetu lataka hadhari kubwa kuliko kule kipimo kilikozaliwa. Chembe za kinga zipiganapo na maradhi nazo hula sukari, na kifua kikuu huweza kung'aa katika mapafu na katika tezi sawasawa na saratani ya mapafu au limfoma. Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa katika nchi ambako kifua kikuu ni nadra, na kijana aliyevisoma huko akarudi Nairobi au Dar es Salaam atakosea asipofundishwa upya na wagonjwa wa hapa. Picha husema mahali na nguvu ya mwako. Aina ya ugonjwa huamuliwa na kipande cha nyama chini ya hadubini. Nawasihi madaktari wasikubali kumwanzishia mtu tiba ya saratani kwa rangi ya picha peke yake.

Katika Afrika Mashariki, Nairobi ndiyo iliyotangulia: Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliweka saiklotroni na PET, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata kwa kituo chake, na Tanzania nayo ikachukua hatua ya kujenga kituo chenye saiklotroni katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kabla ya hapo mgonjwa mwenye uwezo alipelekwa India au Afrika Kusini, na asiye na uwezo alitibiwa kwa kukisia. Sasa swali ni namna ya kuyaeneza manufaa haya, na jawabu limo katika zile dakika 110. Boti ya kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua saa mbili hivi: dawa iliyopakiwa bandarini ingeshushwa Malindi imebaki chini ya nusu kidogo, na hiyo ni hasara inayovumilika kabisa, maana mtengenezaji huanza na zaidi kidogo ya mara mbili ya kinachohitajiwa. Nairobi hadi Mombasa kwa ndege, ukihesabu gari, ukaguzi na kungoja, tuseme saa tatu: imebaki theluthi, nayo yavumilika. Njia hiyo hiyo kwa barabara, saa nane: haikubaki hata sehemu tano katika mia, na safari haina maana. Kwa hesabu hiyo nchi haihitaji saiklotroni katika kila mji. Yahitaji chache zilizo thabiti, na kamera zilizowekwa ndani ya mzunguko wa saa tatu, na mapatano na viwanja vya ndege, mamlaka za mionzi na polisi wa njiani, ili chupa isizuiwe kwa saa moja na ofisa anayetaka kuona karatasi ambayo hakuna aliyemwambia dereva aibebe. Saa moja hiyo ni karibu theluthi ya dawa.

Kwa miji iliyo mbali iko tadbiri nyingine, ya galiumu-68, ambayo haihitaji saiklotroni mahali pa kazi. Jermaniumu-68, yenye nusu-maisha ya siku 271, hufungwa katika mnara mdogo, nayo huzaa galiumu-68 bila kukoma. Mkemia hupitisha asidi hafifu akaichuma galiumu, na baada ya saa chache aweza kuichuma tena. Nusu-maisha ya galiumu hiyo ni dakika 68, nayo hufaa sana kwa saratani ya tezi dume na kwa vivimbe vya asili ya homoni, ambavyo mara nyingi FDG haivioni vizuri. Tezi dume inavyowasumbua wazee wetu, singeshangaa kama kwa hospitali ya bara mnara huo ungekuwa mwanzo bora kuliko ndoto ya saiklotroni. Lakini hautoi FDG, na limfoma haiwezi kuutegemea.

Umeme nao wahitaji kusemwa. Saiklotroni hufanya kazi katika ombwe, na umeme ukikatika ombwe huweza kuharibika, na kulirudisha huchukua saa nyingi. Katika saa hizo wagonjwa kumi, walioshinda na njaa tangu alfajiri na baadhi yao wamelala njiani usiku kucha, hurudishwa nyumbani. Yafaa mkataba wa ununuzi uwe na umeme wa akiba, maji ya kupozea na fundi anayeishi mji ule ule, si anayengojwa kwa ndege kutoka Ulaya.

Na juu ya yote hayo ni watu. Mkemia wa mionzi mmoja hatoshi, kwani akiugua kituo hufungwa. Mfamasia mmoja hatoshi. Mwanafizikia wa kuupima mtambo kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza hatoshi akiwa peke yake. Vyuo vyetu vikuu vinafundisha kemia na fizikia kwa vijana wengi wanaohitimu na kukosa kazi, na mwaka mmoja au miwili ya mafunzo ya vitendo katika kituo kinachofanya kazi kweli kweli ingewatosha wengi wao kushika nafasi hizo. Wizara zinazopanga bajeti za mitambo ya PET na zitenge fungu la mafunzo hayo mwaka ule ule wa kutia saini ya kununua pete, wala si baadaye, ili siku zege la saiklotroni litakapokauka wawepo watu wanne au watano wanaojua kulifungua kabati la risasi na kulijaza daftari.